Nani Aishughulikie Pakiti? Mhadhara Kuhusu Kuhamishia Kazi za Mtandao Kwenye Maunzi



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa nje linaonekana ni la mafundi peke yao: je, kazi ya kupokea, kukagua, kupanga na kutuma pakiti za mtandao ifanywe na mfumo endeshi wa kompyuta, au ihamishiwe kwenye kadi ya mtandao yenyewe? Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu naamini si la mafundi peke yao. Kila seva inayonunuliwa kwa fedha za umma, kila ruta inayofungwa ukutani mtaani, kila simu iliyomo mifukoni mwenu humu ukumbini, imeshalijibu swali hili kwa niaba yenu, na aghalabu hamkuulizwa.

Tuanze na pakiti yenyewe. Inapofika, kadi inaiandika kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha inaigutua prosesa kwamba kuna kazi. Prosesa inaacha iliyokuwa ikiifanya, inaingia kwenye kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, inafungua kichwa cha Ethernet, kisha cha IP, kisha cha TCP. Inakokotoa nambari ya ukaguzi kuona kama baiti zimefika salama. Inatafuta pakiti hii ni ya mazungumzo gani kati ya maelfu yaliyo wazi kwa wakati huo. Inaangalia nambari yake ya mfuatano: imekuja kwa zamu, imeruka, au ni marudio? Inaipitisha kwenye kanuni za ulinzi. Inaandaa risiti ya kumrudishia mtumaji. Mwisho inanakili data na kuipeleka kwa programu iliyokuwa ikiisubiri, na kuiamsha programu hiyo.

Yote hayo yafanyike kwa muda gani? Kwenye laini ya gigabiti 100 kwa sekunde, pakiti za kawaida za baiti 1500 zikija moja baada ya nyingine, kuna nanosekunde 123 tu kati ya moja na inayofuata. Prosesa ya gigahezi 3 hapo inapata mizunguko ya saa isiyofika 370. Safari moja tu ya kwenda kutafuta kitu kwenye kumbukumbu kuu huweza kula nanosekunde 80 hadi 100. Yaani prosesa ikikosea kidogo tu, ikakuta kitu inachokihitaji hakiko karibu, muda wa pakiti nzima umekwisha. Zikija pakiti ndogo kabisa, za baiti 64, nafasi inashuka hadi nanosekunde 6.7, mizunguko 20. Hapo hakuna mwandishi wa programu, hata awe hodari namna gani, atakayefanya kazi yote niliyoieleza kwa kiini kimoja cha prosesa.

Kwa hiyo wanaosema kazi ihamishwe hawasemi upuuzi. Nataka mlishike hilo tangu mwanzo, kwa sababu nitatumia sehemu kubwa ya saa hii kuwatahadharisha, na sipendi mtu atoke hapa akidhani nawapinga watengenezaji wa kadi. Swali langu ni jingine. Nauliza ni kazi gani ihamishwe, na siku ikiharibika, nani ataweza kuitengeneza, na kwa muda gani.

Mwaka 1989 David Clark, Van Jacobson, John Romkey na Howard Salwen walichapisha uchambuzi ambao kila mwanafunzi wa mitandao anapaswa kuusoma. Siku zile watu wengi waliamini kwamba TCP ni itifaki nzito mno, na kwamba dawa ni kuitengenezea chipu yake. Wanne hawa walikaa wakahesabu amri za prosesa, moja moja. Wakakuta kwamba pakiti inapofika kwa zamu yake bila tatizo, hesabu za TCP zenyewe ni amri mia kadhaa tu. Uzito ulikuwa kwingine: kuzinakili baiti kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine, kukokotoa nambari ya ukaguzi, kuingia na kutoka kwenye mfumo endeshi, kuendesha saa za kungojea majibu.

Huu ndio ufunguo wa mjadala wote. Ikiwa gharama iko kwenye kugusa baiti, basi hamisha kazi ya kugusa baiti. Na hivyo ndivyo ilivyokuja kufanyika, kwa hatua ndogo ndogo, kwa mafanikio makubwa kiasi kwamba leo hakuna anayeyazungumzia. Kadi ya bei ya chini kabisa leo inakokotoa nambari ya ukaguzi yenyewe. Inakata data vipande yenyewe: kerneli inaikabidhi rundo la kilobaiti 64 pamoja na kichwa kimoja cha mfano, na kadi inalikata kuwa pakiti 45 hivi, kila moja ikiwa na kichwa chake kilichorekebishwa. Kerneli imepita njia yake ndefu mara moja badala ya mara 45.

Mnaotumia Linux mnaweza kuyaona haya usiku wa leo. Andikeni ethtool -k, kisha jina la kadi yenu, na orodha ndefu itashuka, kila kazi na neno lake: imewashwa au imezimwa. Halafu washeni tcpdump -v mtazame pakiti zinazotoka. Mtaona mambo mawili yatakayowashangaza. Pakiti nyingi zinazotoka zitaandikwa kwamba nambari yake ya ukaguzi si sahihi, na nyingine zitaonekana na urefu wa makumi ya maelfu ya baiti kwenye laini isiyopitisha zaidi ya 1500. Hakuna kilichoharibika. Ni kwamba tcpdump inatazama pakiti zikiwa bado mikononi mwa kerneli, kabla kadi haijazikata wala kuzikagua. Wahandisi wachanga wengi wamepoteza usiku mzima wakiitafuta hitilafu isiyokuwepo kwa sababu hiyo. Na hapo tayari mnaiona gharama ya kwanza ya kuhamisha kazi: kinachotokea kwenye waya hukioni tena. Unaona ulichokikabidhi, na mengine unayaamini tu.

Gharama hiyo ni ndogo, nami nailipa kwa furaha. Sababu ni kwamba kazi ya aina hii haina kumbukumbu. Kadi ikishamaliza kuikata pakiti ya 45, inasahau yote. Kesho ukiizima kazi hiyo kwa amri moja, kerneli inaifanya yenyewe, polepole zaidi, na mazungumzo yaliyo wazi hayakatiki hata moja. Mwenye duka humkabidhi mchukuzi magunia yote ya siku bila wasiwasi. Daftari la madeni analibakiza kwenye saraka yake.

Na mambo huharibika palepale daftari linapohama. Watengenezaji wa kadi hawakuridhika na kukata na kukagua. Walitaka TCP yote iwe ndani ya kadi: kufungua mazungumzo, kukumbuka kilichofika na kisichofika, kuamua lini data irudiwe, kuamua mwendo wa kutuma. Kadi za namna hiyo zilitengenezwa, zikauzwa, na zilikuwa na kasi kweli. Mwaka 2003 Jeffrey Mogul, mtafiti wa HP, aliandika makala ambayo kichwa chake kiliita wazo hilo la kipumbavu, kisha kikasema wakati wake umewadia. Alikuwa makini pande zote mbili. Alionyesha kwamba kwa matumizi ya kawaida faida ilikuwa ikiyeyuka kila mara: prosesa za kizazi kilichofuata zilizifikia kadi, na mawasiliano kati ya mfumo endeshi na kadi yalirudisha gharama ileile iliyokuwa inakimbiwa, hasa kwa mazungumzo mafupi. Lakini aliona kuna kazi moja, ya kompyuta mbili kuandikiana moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kunakili katikati, ambayo ingeweza kuhalalisha gharama. Nitairudia baadaye.

Mwaka 2005 kampuni ya Chelsio iliwaletea watunzaji wa Linux viraka vya kuiwezesha kerneli kuikabidhi kadi TCP yote. David Miller, aliyekuwa msimamizi wa sehemu ya mtandao, alikataa. Wengi walimwona mkaidi, na wapo wanaomwona hivyo mpaka leo. Mimi namwona alifanya moja ya maamuzi ya busara katika historia ya programu huria. Hoja zilizotolewa na upande wake zilikuwa za mtu anayejua kwamba atapigiwa simu yeye mambo yakiharibika. Hitilafu ya usalama ikigundulika kwenye TCP ya kadi, kiraka atakitoa nani? Kanuni za ulinzi na za kugawa kasi, zinazofanya kazi ndani ya kerneli, zitaionaje pakiti isiyopita kwenye kerneli? Kadi ikijaza nafasi zake za mazungumzo, anayefuata anakwenda wapi?

Upande wa pili, Microsoft walikubali. Mwaka 2006 walitoa nyongeza ya Windows Server 2003 iliyoruhusu TCP nzima kukabidhiwa kadi, na mwaka 2007 ikaingizwa kwenye kifurushi cha pili cha huduma cha mfumo huo ikiwa imewashwa tayari. Wasimamizi wa seva wakaanza kuona mazungumzo yakikatika bila sababu na huduma za barua pepe zikikwama. Ushauri uliosambaa ulikuwa mmoja: zima. Microsoft wenyewe walitoa sasisho la kuizima. Kufikia Windows Server 2016, kazi hiyo ilikuwa kwenye orodha ya vitu vinavyoachwa. Kampuni yenye wahandisi wengi namna ile ilijaribu kwa miaka kumi, ikarudi.

Kwa nini? Naomba nirudi nyuma hadi Oktoba 1986, Berkeley, California, kwa sababu jibu liko pale, na ndiyo sehemu ya mhadhara huu ninayotaka iwakae.

Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha jirani palikuwa na umbali wa mita zisizofika 400. Laini ilikuwa ikipitisha kilobiti 32 kwa sekunde. Mwezi ule, mwendo ukaporomoka hadi biti 40 kwa sekunde. Si kilobiti 40, biti 40. Mtu angeweza kutembea kwa miguu kupeleka ujumbe na kuurudisha kabla mtandao haujaufikisha. Waya ulikuwa mzima. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba kila kompyuta, ikiona risiti imechelewa, ilidhani pakiti imepotea na kuituma upya, na marudio yale yakazidi kuziba njia, na njia ilivyozidi kuziba ndivyo marudio yalivyozidi.

Van Jacobson na Michael Karels walilichimba tatizo hilo, na dawa waliyoipata haikugusa waya wala ruta hata moja. Walibadilisha tabia ya TCP ndani ya kerneli ya BSD: ianze polepole, ipime muda wa kwenda na kurudi kwa uangalifu zaidi, na ikipoteza pakiti, ipunguze mwendo badala ya kuukazania. Mwaka 1988 mabadiliko hayo yalitoka, na kompyuta zilizosasishwa zikaanza kuishi pamoja. Intaneti tunayoitumia iliokolewa kwa kubadilisha mistari ya programu.

Sasa jiulizeni: kama mwaka 1986 TCP ingekuwa imechongwa kwenye silikoni, kama wale waliotaka chipu wangekuwa wameshinda mapema, Jacobson angebadilisha nini? Angesubiri kila mwenye kompyuta anunue kadi mpya? Na mabadiliko hayakuishia pale. Mwaka 2006 Linux ilichukua njia ya CUBIC kama kanuni yake ya kawaida ya kuamua mwendo. Mwaka 2016 Google walitoa BBR, yenye fikra tofauti kabisa kuhusu namna ya kuutambua msongamano. Kila mara mabadiliko yaliingia kama kiraka cha programu. Kuamua mwendo wa kutuma ni hukumu, na hukumu ya mwaka huu haitakuwa ya mwaka 2040.

Programu nayo huugua, sisemi haiugui. Juni 2019 Jonathan Looney wa Netflix alitangaza hitilafu kwenye TCP ya Linux iliyomwezesha mtu wa mbali kuiangusha seva kwa pakiti zilizopangwa kwa ustadi. Ilikuwemo kwenye kerneli kwa miaka kumi. Lakini viraka vilitolewa siku ileile ya tangazo, na asiyeweza kuweka kiraka mara moja aliweza kuzima kipengele kimoja kwa amri moja akalala. Hitilafu ya namna hiyo ingekuwa ndani ya kadi, mwenye seva angeandika barua kwa mtengenezaji na kungoja.

Kungoja huko si jambo la kufikirika. Mwaka 2013 mhandisi Kristian Kielhofner alieleza hadharani alivyohangaika na seva za simu ambazo kadi zake za Intel zilikuwa zinakufa ghafla, zikakaa kimya mpaka umeme wa mashine ukatwe na kurudishwa. Baada ya uchunguzi mrefu alikuta chanzo ni baiti moja. Pakiti yenye herufi ya tarakimu 2 kwenye nafasi fulani, 0x47f, iliiua kadi. Pakiti yenye tarakimu 4 mahali palepale iliikinga isife tena. Intel walieleza kwamba tatizo lilitokana na mtengenezaji mmoja wa mbao-mama aliyepakia taarifa zisizo sahihi kwenye kadi. Naamini maelezo hayo. Lakini tazameni hali ya mwenye seva: mfumo endeshi wake ulikuwa mzima, programu yake nzima, na hapakuwa na kumbukumbu ya tukio iliyoweza kumwambia sababu, kwani kilichokufa kilikuwa chini ya yote anayoweza kuyaona.

Kuna suala la ukaguzi pia, na hapa hata kazi ndogo nilizozisifu zinahitaji jicho. Mwaka 2000 Jonathan Stone na Craig Partridge waliripoti kwamba katika pakiti walizozichunguza kwenye Intaneti halisi, kati ya pakiti 1 katika 1,100 na pakiti 1 katika 32,000 ilishindwa ukaguzi wa TCP, ingawa ukaguzi wa laini ulikuwa umeipitisha. Uharibifu haukutokea kwenye waya; ulitokea ndani ya mashine, kwenye ruta na kompyuta zenyewe. Na Saltzer, Reed na Clark, katika makala yao mashuhuri kuhusu ukaguzi wa mwisho hadi mwisho, walisimulia mkasa wa MIT: kompyuta moja ya njiani ilikuwa ikibadilisha nafasi za baiti mbili, mara moja hivi katika kila baiti milioni, wakati ikizinakili ndani ya kumbukumbu yake. Kila kipande cha waya kilikaguliwa kikaonekana salama. Faili za mfumo endeshi zilizokuwa zikipita pale mara kwa mara ziliharibika kidogo kidogo, mpaka wenyewe wakalazimika kuzilinganisha kwa macho na nakala za zamani zilizochapwa kwenye karatasi. Nambari ya ukaguzi ikikokotolewa na kadi, chochote kitakachoharibika kati ya kadi na kumbukumbu kiko nje ya ulinzi huo. Ndiyo maana nawasihi wanaotunza data nzito, za hospitali, za benki, za ardhi, waweke ukaguzi wao wenyewe ndani ya programu, hata kama kadi imeshasema sawa.

Nilisema nitarudi kwenye ile kazi aliyoitenga Mogul, ya kompyuta kuandikiana moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Leo ndiyo inayoendesha vituo vikubwa vya data, na uamuzi wote wa usafirishaji unafanywa na kadi. Mwaka 2016 wahandisi wa Microsoft walichapisha waliyoyakuta walipoieneza. Walifanya jaribio rahisi: kompyuta mbili, swichi moja katikati, na swichi ikaamriwa itupe pakiti 1 katika kila 256. Upotevu huo haufiki nusu ya asilimia. Laini ilijaa mpaka pomoni, taa zikiwaka, na programu zilizokuwa zikisubiri data zikapata sifuri. Kadi ilikuwa imeandikwa kwamba ikipotea pakiti moja, irudie ujumbe mzima tangu mwanzo. Ujumbe ulikuwa wa megabaiti 4, pakiti zipatazo elfu nne, kwa hiyo hapakuwa na siku ambayo ujumbe ungemalizika bila kupoteza pakiti njiani. Ukaanza upya, ukaanza upya. Mtengenezaji aliirekebisha; mteja alikuwa Microsoft. Wahandisi hao hao walieleza pia jinsi kadi moja mbovu ilivyoweza kuendelea kutuma ishara ya kusimamisha, majirani wakasimama, na majirani wa majirani, hadi sehemu kubwa ya mtandao ikanyamaza.

Sasa niwape haki wa upande wa pili, kwa sababu kazi yao bora ndiyo iliyonifundisha mpaka uwekwe wapi.

Microsoft hao hao, kwenye wingu lao la Azure, tangu mwishoni mwa 2015 wameweka kwenye kila seva mpya kadi yenye chipu inayoweza kupangwa upya, na kufikia 2018 walikuwa na seva zaidi ya milioni moja za namna hiyo. Tazameni walivyoigawa kazi. Pakiti ya kwanza ya mazungumzo mapya inakwenda kwenye programu. Programu inaipitisha kwenye kanuni zote, inaamua iende wapi na kwa masharti gani, kisha inaiandikia kadi uamuzi huo. Pakiti zinazofuata, ziwe mia au milioni, kadi inazishughulikia yenyewe kwa uamuzi ulioandikwa. Na chipu inapohitaji kupangwa upya, mazungumzo yanarudishwa kwenye njia ya programu kwa muda ule, kisha yanarejea. Hukumu haikuhama, na njia ya kurudi haikuvunjwa.

Netflix nao walikabiliwa na jambo jingine. Seva zao zinazoendeshwa na FreeBSD zilipaswa kusimba kila filamu kabla ya kuituma, na kusimba kulimaanisha data isomwe kutoka kwenye kumbukumbu, iandikwe upya, kisha isomwe tena na kadi. Kilichojaa hakikuwa prosesa. Ni njia ya kwenda kwenye kumbukumbu. Mwaka 2021 Drew Gallatin alionyesha jinsi walivyoikabidhi kadi usimbaji peke yake, na seva moja ikakaribia gigabiti 400 kwa sekunde. TCP ilibaki kwenye kerneli. Funguo zilikubaliwa na programu. Kadi ilisimba tu data ikiwa njiani kutoka. Hata hapo kuna malipo: pakiti ya katikati ikipotea na kutakiwa irudiwe, kadi inalazimika kusoma upya rekodi tangu mwanzo wake ili usimbaji ulingane. Walijua bei hiyo, wakaipima, wakaikubali.

Lakini Azure na Netflix wana kitu ambacho mnunuzi wa kawaida hana. Wana wahandisi wanaoandika programu ya kadi, au uzito wa kumfanya mtengenezaji aiandike upya. Sisi wengine tunapokea kadi kama ilivyofungwa.

Angalieni watoa huduma wadogo wa Intaneti kwenye mitaa ya Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala, wanaonunua laini moja na kuigawa kwa nyumba mia moja. Ruta zao ndogo zina chipu inayoweza kupitisha pakiti bila kuisumbua prosesa. Wakiiwasha, mwendo unapanda. Ila pakiti isiyopita kwenye prosesa haipiti pia kwenye foleni zinazogawa kasi, kwa hiyo aliyelipia megabiti 5 anaweza kujichotea laini yote na jirani yake akakwama. Wakiizima, ugawaji unarudi na ruta inazidiwa jioni watu wote wakiwa nyumbani. Hilo ni swali la David Miller la mwaka 2005, limefika kwenye nguzo ya mtaa, na anayelijibu ni kijana mwenye ngazi na koleo ambaye hakuna aliyemweleza kwamba kuna swali.

Au chukueni simu. Mwaka 2017 Nitay Artenstein alionyesha kwamba chipu ya WiFi ya Broadcom, iliyokuwemo kwenye iPhone na simu nyingi za Android, ingeweza kutekwa kupitia hewani bila mwenye simu kubofya chochote. Chipu ile ilikuwa imepewa kazi nyingi za WiFi ili prosesa kuu ipumzike na betri idumu, na ndani yake mlikuwa na programu isiyokuwa na kinga ambazo mifumo endeshi ilikuwa imeshajifunza kujiwekea kwa miaka mingi. Apple na Google walitoa viraka. Simu ambayo mtengenezaji wake ameshaacha kuipelekea masasisho, na simu hizo ni nyingi mikononi mwa watu wetu, ilibaki ilivyo.

Msimamo wangu basi ni huu. Kazi ya nguvu iende kwenye kadi: kukagua, kukata, kusimba, kufuata uamuzi ulioandikwa. Kumbukumbu ya mazungumzo na uamuzi wa mwendo vibaki mahali ambapo mwenye mashine anaweza kusoma, kubadilisha na kurudisha.

Najua mpinzani wangu mkubwa ni nani. Mwaka 2022 John Ousterhout wa Stanford, mtu ninayemheshimu sana, aliandika kwamba ndani ya vituo vya data TCP yenyewe ibadilishwe, na kwamba usafirishaji wa kasi za leo hauwezi tena kufanywa vizuri na programu, kwa hiyo ni lazima uhamie kwenye kadi. Hoja yake inaelekea kulekule kwa hesabu nilizowapa mwanzoni, na hizo siwezi kuzipinga. Mizunguko 20 ni mizunguko 20. Kwenye vituo hivyo naona atashinda. Ninachodai ni kwamba ushindi wake uje na programu ya kadi iliyo wazi. Leo mwanafunzi yeyote hapa anaweza kufungua kerneli ya Linux, faili iitwayo tcp_input.c, akasoma mstari kwa mstari jinsi kompyuta yake inavyoamua kuamini pakiti. Ndani ya kadi nyingi zinazouzwa hakuna mstari hata mmoja anaoruhusiwa kuusoma.

Na kwa wale miongoni mwenu mnaoandika zabuni za serikali na za vyuo, naomba mwongeze masharti machache kabla ya bei. Kila kazi iliyohamishiwa kwenye kadi izimike kwa amri, bila kuhitaji leseni. Muuzaji aandike kwenye mkataba ni miaka mingapi atatoa viraka vya programu ya kadi, na kwa siku ngapi baada ya hitilafu kutangazwa. Siku ya kupokea mashine, zimeni kazi zote za kadi kwa ethtool, iacheni seva ibebe mzigo wa siku ya kawaida, na mwandike mwendo uliopatikana kwenye hati ya makabidhiano, karibu na ule ulioahidiwa kwenye tangazo. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mtakayoitegemea kwa mtengenezaji kwa umri wote wa mashine hiyo.

Nimemaliza. Karibuni kwa maswali, na ningependa waanze wale wanaoendesha mitandao ya mitaani.